Sura ya Nne: Waulize Vijana Walichohisi, Usiwaulize Wanachotaka

Mtu anapoamua kutengeneza filamu ya kusisimua kwa ajili ya watazamaji wa rika la sekondari, swali linalomsumbua ni lile lile: niwaulize vijana kwanza, au nitengeneze ninachokiamini kisha niwaonyeshe? Nyuma ya swali hilo kuna hofu mbili. Asipowauliza, huenda filamu yake ikarukwa kabla hata jina lake halijatokea kwenye skrini. Akiwauliza, huenda wakaomba bunduki, mbio za magari na mapenzi, naye akaishia kutengeneza nakala ya filamu waliyoitazama juzi.

Hofu zote mbili zina msingi. Jibu la sura hii ni kwamba uwaulize, tena mapema, kabla hujakodi kamera. Ila usiwaulize wanachotaka. Waulize walichohisi, na walikihisi wakati gani. Mrejesho wa aina hiyo hujenga filamu. Ule mwingine huivuruga. Mrejesho ni chochote anachokurudishia mtazamaji baada ya kuona au kusikia kazi yako: maneno, kicheko, kimya, hata kidole kinachosogeza video mbele.

Tutashughulika na dakika mbili za kwanza tu. Nchini Uingereza, kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari wanaosoma somo la vyombo vya habari walipewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu mpya, pamoja na majina yanayopita kwenye skrini, usiozidi dakika mbili. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuwachunguza watazamaji wanaolengwa, ambao mara nyingi walikuwa vijana wenzao. Kipimo hicho kinatufaa na sisi. Dakika mbili ni fupi kiasi kwamba unaweza kuzijaribu, ukazivunja na kuzijenga upya bila kufilisika, na ni ndefu kiasi cha kumfanya mtazamaji aamue kubaki au kuondoka.

## Taharuki hufanyaje kazi?

Filamu ya taharuki ni ile inayomweka mtazamaji katika hali ya kungoja jambo baya analojua, au analohisi, kwamba linakuja. Wengi huchanganya taharuki na mambo mawili mengine, kwa hiyo tuyatenganishe.

- Mshtuko: jambo linatokea ghafla, mtazamaji anaruka kwenye kiti. Linaisha kwa sekunde chache.
- Fumbo: mtazamaji hajui nini kimetokea na anataka kujua. Anafikiri.
- Taharuki: mtazamaji anajua hatari ipo, mhusika hajui, na muda unakwenda. Anaogopa kwa niaba ya mwingine.

Mwongozaji Alfred Hitchcock alilieleza hili vizuri katika mazungumzo yake na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut mwaka 1962. Watu wamekaa mezani wanapiga soga, chini ya meza kuna bomu. Likilipuka bila sisi kujua, tumepata mshtuko wa sekunde chache. Lakini tukionyeshwa bomu mapema pamoja na saa ya ukutani, yale mazungumzo ya kawaida kabisa yanakuwa mateso ya dakika nzima nzima. Tunatamani kuwapigia kelele watoke.

Orson Welles alikuwa amekwisha kulifanya jambo hilo katika mwanzo wa filamu yake *Touch of Evil* ya mwaka 1958. Mkono unatega bomu la saa, unaliweka kwenye buti la gari. Mwanamume na mwanamke wanapanda gari hilo na kuondoka polepole katika mji wa mpakani. Kamera inawafuata kwa zaidi ya dakika tatu bila kukatwa. Wapita njia wanapishana nalo, maharusi wawili wanatembea karibu nalo, linasimama, linaondoka. Hakuna anayekimbia wala kupiga kelele. Kazi yote inafanywa na kile ambacho mtazamaji anakijua.

Hapo ndipo vijana wanapoingia. Kama taharuki inategemea kile ambacho mtazamaji anakijua, basi mwandishi hana budi kujua kilichomo vichwani mwa watazamaji wake. Mtu wa miaka 45 hawezi kukisia kwa uhakika ni ishara gani ndogo inayomtisha mtu wa miaka 15. Lazima aende kumsikiliza.

## Vijana wanajua kanuni kuliko unavyodhani

Filamu iliyowaheshimu watazamaji vijana kuliko nyingi za wakati wake ni *Scream* ya mwaka 1996, iliyoandikwa na Kevin Williamson na kuongozwa na Wes Craven. Mwanzo wake una urefu wa dakika zipatazo 12. Msichana yuko nyumbani peke yake usiku, anakaanga bisi jikoni, simu inaita. Sauti upande wa pili ina mzaha, inauliza kuhusu filamu za kutisha anazozipenda. Pole pole mzaha unageuka mtihani, na bei ya kukosea jibu ni uhai wa mtu.

Tazama mambo mawili. Kwanza, pakiti ya bisi jikoni inaendelea kuvimba wakati mazungumzo yakiendelea. Hakuna anayeizungumzia, lakini kila ikionekana tunajua muda umekwenda na hakuna anayejali chakula tena. Pili, msichana huyo ameigizwa na Drew Barrymore, mwigizaji maarufu kuliko wenzake wengi katika filamu hiyo, ambaye uso wake ulikuwa kwenye bango. Vijana walioingia ukumbini walijua kanuni ambayo na sisi tumekua nayo: steringi hafi. Filamu ikamuua hapo hapo mwanzoni. Kuanzia hapo mtazamaji hakuwa na uhakika wa usalama wa mhusika yeyote.

Williamson hakuwapa vijana walichozoea kukiona. Alijua kwa undani walichozoea, akakitumia dhidi yao. Hiyo ndiyo sababu ya kukusanya mrejesho kabla ya kupiga picha: ili ujue wanatarajia nini, kisha uamue ni wapi utawatimizia matarajio na wapi utayavunja.

## Mafunzo mawili kutoka Marekani

Katika filamu za Marekani, onyesho la majaribio ni jambo la kawaida. Filamu ambayo haijakamilika huonyeshwa kwa watu wa kawaida, halafu wanajaza karatasi ya maswali na wachache wao wanabaki kwa majadiliano. Visa viwili vinatufaa.

Jaws, 1975. Steven Spielberg aliionyesha filamu hii ya papa kwa majaribio huko Dallas mnamo Machi 1975. Watu walipiga kelele, naye akatamani kelele moja zaidi. Akarudia kupiga tukio ambalo mzamiaji anakuta kichwa cha maiti kwenye tundu la mashua iliyozama. Picha hizo zilipigwa kwenye bwawa la kuogelea la mhariri wake, Verna Fields, maji yakitiwa unga wa maziwa ili yafanane na bahari. Kelele ilipatikana. Lakini Spielberg mwenyewe amesimulia kwamba baada ya hapo, pale papa anapoibuka ghafla nyuma ya mashua, kelele ilipungua kuliko ilivyokuwa mwanzo. Watazamaji walikuwa wamekwisha kujihami. Funzo ni kwamba kila mshtuko una bei yake, na ukiutumia katika dakika ya kwanza, dakika ya 40 ndiyo itakayolipa.

Paranormal Activity. Oren Peli aliipiga filamu hii nyumbani kwake San Diego mwaka 2006 kwa gharama ya takriban dola 15,000. Kampuni kubwa ilipoionyesha kwa majaribio, baadhi ya watu walianza kutoka ukumbini. Wakubwa wakadhani filamu imeshindwa. Walipouliza, wakaambiwa watu walikuwa wanatoka kwa sababu wameogopa mno. Ilipoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2009 iliingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani. Tendo moja, mtu kuinuka na kuondoka, lilikuwa na maana mbili zinazopingana, na bila kuuliza "kwa nini" filamu ingeweza kubaki kabatini.

Kwa kifupi: angalia mwili wa mtazamaji kwanza, kisha muulize sababu. Ukifanya moja bila jingine utapotoka.

## Darasa la kibanda umiza

Hatuhitaji ukumbi wa Dallas. Katika miji na vijiji vyetu kuna vibanda umiza, vile vyumba vyenye mabenchi na televisheni ambako watu hulipa kidogo kutazama mpira na filamu. Hapo watazamaji hawanyamazi. Wanamwonya mhusika, wanabishana juu ya adui, wanamcheka anayeigiza vibaya. Watafsiri kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walijenga majina yao kwa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya picha, wakijua ni wapi pa kuchochea, wapi pa kutania na wapi pa kumwacha mtu angoje.

Kwa mwandishi wa filamu ya taharuki, benchi la nyuma la kibanda umiza ni shule. Kaa pale, usitazame skrini, watazame watazamaji. Wakati gani mtu anaacha kutafuna karanga? Wakati gani vijana wanaanza kuongelea mambo yao? Ni tukio gani linamfanya mtu aliyesimama mlangoni aingie ndani na kulipa?

## Mfano: daladala ya mwisho

Sasa tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hatua kwa hatua. Mwandishi ana wazo hili la dakika mbili:

Inakaribia saa nne usiku. Juma, mwanafunzi wa kidato cha tatu, anatoka tuisheni, yuko kituoni Buguruni na sare yake ya shule. Inakuja daladala ya mwisho kwenda Chanika. Anapanda, anakaa dirishani. Abiria wako kimya. Baada ya Gongo la Mboto gari halisimami tena vituoni. Pale Pugu Kajiungeni, badala ya kushika barabara ya Chanika, linachukua ile ya Kisarawe, kuelekea kwenye giza la msitu. Skrini inakuwa nyeusi, jina la filamu linatokea.

### Hatua ya kwanza: chagua wasikilizaji vizuri

Vijana sita hadi kumi wanatosha kwa kikao kimoja. Wasiwe marafiki wa mwanao peke yao. Changanya anayetazama filamu kwenye simu yake, anayetazama kibandani na anayetazama sebuleni na wazazi. Wa miaka 13 hadi 15 wakae mbali na wa 16 hadi 19, maana wadogo hunyamaza mbele ya kaka na dada zao.

Kuna kikwazo kimoja chetu wenyewe: adabu. Kijana aliyelelewa vizuri hatamwambia mtu mzima usoni kwamba kazi yake inachosha. Atasema, "Nzuri, mwalimu," na atatabasamu. Kwa hiyo kikao kiongozwe na mtu wa karibu na umri wao, na mwenye filamu asitambulishwe au asiwepo kabisa. Majibu ya kwanza yaandikwe kwenye vikaratasi visivyo na majina kabla mtu yeyote hajasema kwa sauti. Anayesema kwanza kwa sauti huwavuta wengine wote.

### Hatua ya pili: simulia kwa mdomo

Hili ndilo jaribio la bei nafuu kuliko yote. Msimulie kijana wazo lako, simama mahali ulipopachagua, muulize: "Unadhani nini kinafuata? Na unamwogopea nani?"

Tuseme umesimama baada ya Juma kupanda gari. Kijana wa Dar es Salaam anaweza kuguna na kusema: "Hiyo si kweli. Konda gani anampakia denti kwa upole saa hizo?" Ana haki. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na kila mwanafunzi wa jijini anajua kusukumwa mlangoni na kuambiwa gari limejaa wakati siti zinaonekana tupu.

Mwandishi mwenye haraka atasikia lawama na kumvua Juma sare. Mwandishi msikivu atagundua kwamba amepewa zawadi. Kama upole wa konda unawashangaza vijana, basi upole huo ndio bomu chini ya meza. Kwa hiyo unauzidisha. Konda anaita, "Panda, dogo, siti ile pale." Juma anapotoa nauli, konda anamfumba kiganja: "Weka tu." Hakuna kisu, hakuna muziki wa kutisha, na tayari kila kijana aliyewahi kuachwa kituoni anajua mambo si shwari.

Maoni ya pili yatakuja haraka: "Kwa nini asipige simu?" Swali hili huzivuruga filamu nyingi za taharuki siku hizi. Hapa sare inatusaidia tena, kwa sababu wanafunzi wengi hawaruhusiwi kwenda na simu shuleni. Lakini mtazamaji aonyeshwe mapema asije akaanza kujiuliza katikati ya hofu. Sekunde chache za mwanzo zinatosha, Juma akimuuliza muuza karanga wa kituoni:

"Shikamoo, mama. Samahani, saa ngapi saa hizi?"

"Marahaba, mwanangu. Saa nne kasoro robo. Gari za Chanika zimeisha hizo."

Mazungumzo hayo mafupi yametupa saa, yametuonyesha kwamba Juma hana simu, na yameweka wasiwasi wa kwanza: kama gari zimeisha, hii inayokuja inatoka wapi?

### Hatua ya tatu: michoro na sauti

Chora kila picha itakayopigwa kwenye kadi yake, hata kwa vijitu vya mistari. Andika chini yake itachukua sekunde ngapi. Kisha zipige kadi hizo kwa simu kwa mfuatano, uweke sauti ulizorekodi mwenyewe: injini, upepo dirishani, redio ya dereva. Utapata video ya michoro yenye urefu ule ule wa filamu unayoikusudia, na hujatumia karibu chochote.

Wape pia sauti peke yake, macho yakiwa yamefumbwa. Vijana wanaopanda daladala kila siku wanazijua sauti zake vizuri: konda kugonga bodi, kuita vituo, abiria kusema "shusha". Ukiondoa sauti hizo moja moja wakati gari linaendelea kwenda, uliza ni wakati gani walianza kuhisi kuna kitu kimekosekana. Kama hakuna aliyetambua, ondoa ile ya bodi waziwazi zaidi: mwonyeshe konda akigonga mara mbili, na mara ya tatu akikunja mikono.

### Hatua ya nne: watazame wanaotazama

Wakati video ya michoro inaonyeshwa, msaidizi mmoja akae mbele akiwaangalia vijana. Awe na karatasi iliyogawanywa kila sekunde 10. Aandike nani amecheka, nani ameangalia simu, nani amesogea mbele, nani amemnong'oneza jirani.

Kimya kiandikwe kwa uangalifu kuliko vyote. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kipo pia kimya cha kuzubaa. Namna ya kuvitofautisha ni kuuliza baadaye: "Pale gari lilipokuwa linapita Ukonga, uliona nini?" Aliyeshikwa atakutajia mkono wa konda na redio iliyozimwa. Aliyezubaa atasema gari lilikuwa linakwenda.

Hapa utagundua jambo jingine. Gari linapochukua barabara ya Kisarawe, kijana anayeishi Pugu atashika mdomo. Wa Mwanza au Mombasa ataona gari limekata kona tu. Usiiondoe kona hiyo, maana kwa wanaoijua ina nguvu kubwa. Iongezee msaada: neno "Chanika" lisomeke kwenye kibao cha gari mwanzoni, na kwenye njia panda Juma ageuze shingo kuzifuata kwa macho taa za barabara aliyopaswa kwenda nayo, hadi zipotee. Mtazamaji asiyeijua barabara atasoma shingo ya Juma.

### Hatua ya tano: maswali sahihi

Maswali haya yaache:

- Umeipenda?
- Ungependa tuongeze nini?
- Inatisha?
- Unapenda filamu za aina gani?

Yaulize haya:

- Ulianza lini kuhisi kuna hatari? Niambie kulikuwa na nini kwenye skrini.
- Kuna mahali ulitaka kuruka mbele? Wapi?
- Ulimwamini nani, na uliacha kumwamini lini?
- Kuna neno au tendo ambalo mtu wa umri wako asingelifanya?
- Unadhani nini kinafuata?
- Ungezima sasa hivi, au ungeendelea?

Maswali ya kwanza yanaomba hukumu. Ya pili yanaomba ushahidi.

## Mrejesho upi uufuate, upi uuache

Mteja humwambia fundi cherehani kwamba nguo inabana kwapani. Hamwambii afumue mshono upi. Ndivyo unavyopaswa kuwasikiliza vijana. Wanapokuonyesha mahali panapokera, waamini, hasa wakiwa wengi na mahali ni pale pale. Wanapokupa dawa, ipokee kwa shukrani, kisha tafuta ugonjwa.

Tuseme vijana watatu wameandika "weka bunduki". Usikimbilie bunduki. Tafuta walikuwa sekunde gani walipoitamani. Kama wote watatu waliitamani kati ya Ukonga na Gongo la Mboto, basi kipande hicho ndicho kilicholegea. Huenda ni kirefu mno. Huenda hakina jipya tangu nauli ilipokataliwa. Abiria mmoja akifungua macho na kumtazama Juma, kisha akatazama chini haraka, haja ya bunduki inaisha.

Kanuni za kukusaidia kuamua:

1. Lalamiko linalojirudia mahali pale pale hulitupi, hata kama linakuuma.
2. Maoni ya mtu mmoja kuhusu ladha yake yaandike, yaweke pembeni.
3. Wakisema "sijaelewa" kuhusu mahali au mtu, rekebisha. Wakisema "nataka kujua" kuhusu siri, waache wangoje.
4. Wote wakikisia sawasawa kinachofuata, badilisha. Kila mmoja akikisia lake na hakuna anayejali, badilisha pia.
5. Lugha ya vijana iachie vijana. Wakikuambia hakuna anayesema hivyo, futa.

Usigeuze majibu ya vijana wanane kuwa asilimia. Wanane si takwimu. Kazi yao ni kukuonyesha mahali pa kutazama.

Tena ujue kwamba kuna wakati mwenye filamu anapaswa kuchagua kati ya watazamaji na hadithi yenyewe. *Fatal Attraction* ya mwaka 1987 ilibadilishwa mwisho wake baada ya maonyesho ya majaribio, kwa sababu watazamaji walitaka mhusika aliyeigizwa na Glenn Close aadhibiwe. Mwigizaji huyo alipinga mabadiliko hayo. Filamu ilipata fedha nyingi, na mjadala kuhusu mwisho upi ulikuwa wa haki haujaisha. Mrejesho haukuondolei wajibu wa kuamua. Unakufanya uamue ukiwa umefumbua macho.

Ukiwa na chaneli ya YouTube, unaweza kupata msaada mwingine bila gharama: mchoro unaoonyesha watazamaji walibaki hadi sekunde gani na wakaanza kuondoka wapi. Utazame kama unavyoitazama karatasi ya msaidizi wako. Unakuonyesha mahali, haukuambii sababu. Kisa cha *Paranormal Activity* kinatukumbusha kwa nini sababu lazima iulizwe.

## Walinde waliokusaidia

Tunazungumza kuhusu kuwatisha watoto wa watu, kwa hiyo tuwe waangalifu. Wenye umri chini ya miaka 18 wawe na ridhaa ya mzazi au mlezi, na wao wenyewe wakubali. Waelezwe kabla kwamba hadithi ina hofu, na kwamba mtu anaweza kutoka wakati wowote bila kuulizwa mbele ya wenzake. Majina yao yasiandikwe kwenye majibu, nyuso zao zisirekodiwe bila ruhusa. Kikao kiwe mchana, mahali pa wazi, penye mtu mzima wanayemwamini. Kumbuka kwamba wapo waliowahi kupatwa na mkasa halisi usiku njiani. Ukiona kijana amenyong'onyea, simamisha.

Fikiria pia daraja la umri tangu mwanzo. Tanzania ina Bodi ya Filamu inayokagua filamu na kuzipangia madaraja. Kenya ina bodi yake, yenye madaraja ya GE kwa watazamaji wote, PG kwa uangalizi wa wazazi, 16 na 18. *Scream* ilikuwa hadithi ya wanafunzi wa sekondari, lakini Marekani ilipewa daraja R, linalomtaka aliye chini ya miaka 17 aende na mzazi au mtu mzima, na Uingereza ikapewa 18. Kama filamu yako ni ya watu wa miaka 15, damu uliyoiweka dakika ya kwanza inaweza kuwafungia mlango wale wale uliowalenga. Taharuki haina tatizo hilo. Konda anayekataa nauli hamwagi tone la damu.

## Muhtasari wa sura

- Taharuki inategemea kile anachokijua mtazamaji. Kwa hiyo jifunze vijana wako wanajua nini.
- Jaribu mapema na kwa bei nafuu: simulizi ya mdomo, kisha michoro, kisha sauti.
- Ondoa kikwazo cha adabu: vikaratasi visivyo na majina, kiongozi wa rika lao, mwenye filamu asiwepo.
- Tazama miili yao kwanza, kisha uliza sababu.
- Uliza "lini" na "wapi" zaidi ya "umependa".
- Lalamiko la "hii si kweli" linaweza kuwa ndiyo chanzo cha hofu unayoitafuta.
- Amini mahali wanapokuonyesha. Dawa itafute mwenyewe.
- Walinde, na ujue daraja la umri kabla ya kupiga picha.

Ukimaliza kurekebisha, usirudi kwa vijana wale wale, maana wao wameshajua gari linakwenda wapi. Tafuta kundi jipya lisilojua chochote, uwaonyeshe michoro yako iliyosahihishwa. Kama wanasogea mbele mahali ulipopanga wasogee, kakodi kamera. Kama hawasogei, umeokoa fedha yako, na bado una kalamu na kadi. Na filamu itakapokamilika, walioguna katika kikao cha kwanza wawe wa kwanza kualikwa. Wamefanya kazi ya kweli ya sanaa, na wanastahili kuiona lawama yao ikiutisha ukumbi mzima.